Kumchukua na Kumtunza Paka Mwenye Virusi vya Lukemia Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Daktari akishasema paka uliyemwokota ana virusi vya lukemia (lukemia ni saratani ya damu), maswali huwa mawili. La kwanza: "Watoto wangu hawataambukizwa?" La pili: "Sasa achomwe sindano afe, au?" La kwanza jibu lake ni fupi: hapana. Virusi hivi ni vya jamii ya paka. Haviwaingii binadamu, mbwa, wala kuku wa uwani. La pili ndilo lililonifanya niandike haya yote. Paka mwenye virusi hivi ambaye bado anakula, anacheza na kujilamba hana sababu ya kufa leo, na kumlea hapa Dar kunawezekana hata kwa mpangaji wa chumba kimoja. Kitu kitakachokusumbua zaidi ni mlango, na nitaurudia huo mlango mpaka uchoke.

Ujue kwanza unachokichukua

Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, walipokuwa wakichunguza paka wenye saratani ya tezi. Kinaishi katika damu na kutoka nje hasa kwa mate. Paka wanaolambana, wanaokula sahani moja, wanaong'atana kugombea jike, wote wanapeana. Mama naye humpa mtoto tumboni au kwa maziwa. Makamasi, mkojo na kinyesi pia vina kirusi, lakini nje ya mwili hakidumu: kwenye sakafu kavu kinakufa ndani ya saa chache, na sabuni ya kawaida au jiki iliyochanganywa na maji inakimaliza. Ndiyo maana nguo zako hazitamwambukiza paka wa jirani. Paka wako akitoka, yeye ndiye anaweza kumwambukiza.

Si kila paka aliyekutana na kirusi anaishia pabaya. Wapo ambao kinga yao inakifukuza kabisa. Wapo ambao kinabaki kimelala ndani ya uboho wa mifupa, hawaambukizi wenzao, na huenda wasiumwe kamwe, ingawa kinaweza kuamka mwili ukidhoofu. Na wapo ambao kimekita: kipo kwenye damu muda wote na wanakitoa kwa mate kila siku. Hawa wa mwisho wengi hufa ndani ya miaka 3 hivi tangu wagundulike, japo wako wanaovuka hapo. Watoto wa paka wako hatarini kuliko wakubwa, kwa kuwa kinga dhidi ya kirusi hiki huimarika na umri.

Kinachowaua ni upungufu wa damu, kwa sababu uboho umevamiwa. Magonjwa nyemelezi, kwa sababu kinga imeshuka. Au saratani, hasa limfoma, ile saratani ya tezi. Likumbuke hilo la upungufu wa damu. Nusu ya makatazo utakayoyasoma hapa chini yametokana na hilo.

Hatua ya kwanza: usikubali kipimo kimoja

Kipimo cha kawaida ni kile cha haraka, matone machache ya damu kwenye kifaa kidogo cha plastiki, majibu ndani ya dakika kama 10. Kinatafuta protini ya kirusi chenyewe, kwa hiyo hata mtoto mdogo wa paka anaweza kupimwa. Mara nyingi kifaa hichohicho kinapima na ukimwi wa paka, ambao ni kirusi kingine kabisa chenye mwenendo mwingine. Muulize daktari ni mstari upi uliotokea, maana watu wanarudi nyumbani wakiwa wamechanganya haya mawili.

Jibu likiwa chanya, paka arudiwe kupimwa baada ya siku 30 au zaidi, na ikiwezekana damu ipelekwe kwa kipimo cha aina nyingine, kama PCR, kile cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za kirusi. Sababu ni ile niliyoisema: huenda umempima akiwa katikati ya vita, na kinga yake ikashinda. Likiwa hasi lakini ametoka mtaani wiki iliyopita, rudia vilevile baada ya siku 30, kwa kuwa kirusi kinaweza kuwa bado hakijaonekana.

Madaktari wengi wa mifugo hapa mjini kazi yao ya kila siku ni kuku, mbuzi na mbwa. Si kila kliniki ina vifaa vya kupima paka, na waliokuwa navyo mwezi uliopita huenda vimewaishia. Piga simu kabla hujapanda bajaji. Uliza maneno haya: "Dokta, mna kipimo cha virusi vya lukemia ya paka, na hakijapitwa na muda?" Swali la muda halina ufedhuli, joto letu linaharibu vifaa vilivyohifadhiwa vibaya.

Usafiri: tumia tenga la kuku lenye kifuniko au kreti, ndani kitambaa, juu khanga nyepesi. Bajaji, si bodaboda. Paka aliyeogopa kwenye bodaboda pale Ubungo humpati tena.

Hatua ya pili: mlango

Nyumba za Dar zimejengwa ili upepo upite. Milango inakaa wazi kutwa, dirisha lina nondo na wavu wa mbu, na mgeni akipiga hodi anakaribishwa huku mlango ukiachwa hivyohivyo. Ni maisha mazuri. Kwa paka huyu ni hatari pande mbili: akitoka anawaambukiza wengine, na akikutana na paka shume wa mtaa anarudi na jeraha ambalo kinga yake hailiwezi. Kwa hiyo anaishi ndani, maisha yake yote. Hapa sina suluhu ya katikati. Kama huwezi kumfungia, usimchukue. Mtafutie mwenye nafasi.

Anza na madirisha. Ule wavu laini wa mbu paka anaupasua kwa kucha usiku mmoja, hasa jike anapotafuta dume. Mwite fundi aweke waya wa chuma wenye matundu madogo, ule wa mabanda ya kuku, upande wa ndani wa nondo, ukibanwa kwa vibao na misumari au kufungwa kwa waya mwembamba kwenye nondo zenyewe. Ukiwa mpangaji, ufunge kwa waya tu, usitoboe ukuta, na mjulishe mwenye nyumba kabla. Kagua na matundu ya hewa juu ya dirisha: paka mwembamba anapita mahali ambapo mkono wako unapita.

Mlango unahitaji mbinu. Mwenye sebule na korido ana bahati, anafunga mmoja kabla ya kufungua mwingine. Mwenye chumba kimoja Tandika au Manzese, mlango ukifunguka moja kwa moja kwenye korido ya wapangaji wote, atengeneze kizuizi: fremu ya mbao yenye waya, urefu wa kifua chako, ikae hatua moja ndani ya mlango. Paka mwenye afya anaweza kuiruka, lakini inakupa sekunde za kumwona. Weka chakula chake mbali na mlango, na usimsalimie mlangoni unaporudi kazini. Mpite, nenda mpaka ndani, ndipo umsalimie. Baada ya wiki kadhaa anajifunza kukungojea huko ndani.

Wageni ni suala jingine. Bandika karatasi mlangoni, "Paka yupo ndani, funga mlango tafadhali," na bado mtu atasimama kizingitini nusu saa akikupa habari za kikoba. Umwambie tu: "Shoga, ingia ndani tukae, au nije nje." Watoto wa jirani waeleze mara moja, wape kazi ya kuwa walinzi wa mlango, wanaichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko watu wazima.

Usiku wa kigodoro mtaani, au mkesha wa mwaka mpya fataki zikilia, paka anapagawa na kutafuta tundu lolote la kutokea. Boksi lenye nguo zako chini ya kitanda, mlango umefungwa kwa komeo. Inatosha.

Hatua ya tatu: paka wengine wa nyumbani

Kilicho bora ni awe paka pekee, au akae na mwenzake mwenye virusi hivyohivyo. Kama tayari unao, wapime wote kabla huyu hajaingia. Wasio navyo wachanjwe: chanjo ya lukemia huanza kutolewa kuanzia wiki 8 za umri, dozi mbili zikipishana wiki 3 hadi 4, kisha ya kukumbushia baada ya mwaka. Haipatikani kila kliniki, na haikingi kwa asilimia 100, kwa hiyo hata waliochanjwa watenganishwe naye: chumba chao, sahani zao, choo chao. Paka ambaye tayari ana virusi, chanjo hiyo haimsaidii chochote, usilipie.

Kutenganisha paka kwa miaka ndani ya nyumba ndogo kunachosha. Ukiona huwezi, sema mapema. Ni heshima zaidi kuliko kusema "watazoeana".

Hatua ya nne: safari ya kwanza kwa daktari

Sema mambo manne kabla hajaguswa. Kwamba ana virusi vya lukemia. Kwamba unataka hesabu kamili ya damu, ili uwe na mahali pa kulinganishia baadaye. Kwamba chanjo zake nyingine, yaani ya kichaa cha mbwa na ile ya mafua na kuhara kwa paka, ziwe za kirusi kilichouawa pale inapowezekana, kwa sababu chanjo hai si salama sana kwa mwenye kinga dhaifu. Na kwamba asipewe sindano za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, bila sababu ya msingi. Hilo la mwisho nalisisitiza. Sindano hizo hutolewa kwa wepesi sana, paka anachangamka siku mbili, mwenye paka anafurahi, huku kinga iliyobaki inazidi kushuka.

Ahasiwe, akiwa dume. Jike afungwe kizazi. Daktari achague wakati ambapo damu yake iko vizuri. Paka asiyehasiwa hawezi kutulia ndani, na jike akibeba mimba watoto karibu wote watazaliwa na kirusi au watakufa.

Baada ya hapo, kliniki kila miezi 6 hata akiwa mzima. Dawa ya kukiondoa kirusi hakuna. Zipo za kukipunguza makali, kama zidovudini ambayo pia hutumika kwa binadamu, lakini yenyewe inaweza kushusha damu zaidi na hutolewa na daktari anayepima damu mara kwa mara. Usithubutu kumegea paka vidonge vya mtu.

Chakula

Mazoea yetu ni ugali na dagaa, au mabaki ya mchuzi. Mabaki ya mchuzi acha kabisa. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu za paka. Paka mzima anaweza kuponea. Huyu, ambaye uboho wake unashindwa kutengeneza nyingine, hana za kupoteza. Supu ya kuku uliyoiunga kwa vitunguu ni hatari kwake hata ukichambua vipande ukavitupa.

Chakula kikavu cha paka cha dukani ndicho kilichokamilika, na kama mfuko unaruhusu kiwe ndio msingi. Ukipika mwenyewe, chukua kuku bila mifupa au moyo wa ng'ombe kutoka bucha, maini kidogo sana mara moja kwa wiki, chemsha mpaka viive bila chumvi wala kiungo, ukatekate, umpe pamoja na maji yaliyochemshia. Hayo maji usiyamwage: taurini, ambayo paka akiikosa anaharibika macho na moyo, huyeyuka humo. Moyo una taurini nyingi kuliko mnofu. Hata hivyo mapishi ya nyumbani peke yake hayamtoshi mwaka mzima. Changanya na cha dukani.

Dagaa wakavu wana chumvi na mchanga. Waloweke, mwaga maji, chemsha, tumia kama kionjo cha kumshawishi ale. Ugali kidogo haumuui, ila unamjaza tumbo bila kumjenga. Vichwa vya samaki vibichi kutoka Feri, utumbo mbichi wa kuku, nyama mbichi yoyote: hapana. Vijidudu ambavyo paka mwingine angevishinda, huyu vitamlaza.

Joto la Januari na Februari linachachusha chakula cha majimaji haraka. Mpe kidogo mara tatu au nne kwa siku, ondoa sahani baada ya nusu saa. Umeme ukikatika usiku kucha, kilichokuwa kwenye friji usikihurumie. Sisimizi wakivamia chakula kikavu, weka bakuli lake ndani ya sahani pana yenye maji.

Choo, viroboto na dawa za hatari

Beseni pana, mchanga safi au maranda ya fundi seremala. Masika maranda yananyonya unyevu na kuota ukungu, kwa hiyo miezi hiyo mchanga uliokaushwa juani ni bora. Zoa kinyesi kila siku. Hilo linakulinda na wewe: vimelea vya toksoplasma vikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi cha leo kikitolewa leo hatari ni ndogo. Mjamzito na mwenye kinga iliyoshuka wasiguse beseni hilo. Mwingine afanye, kwa glavu.

Viroboto kwa paka huyu si kero tu. Wanamnyonya damu, na wanaweza kueneza vimelea vinavyoshambulia chembe nyekundu, ambavyo mwenye lukemia huumwa navyo vibaya. Tumia dawa ya matone ya shingoni iliyoandikwa kuwa ni ya paka, kwa uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huwapaka mbwa, inaua paka. Dawa za mbwa zenye permethrini, kemikali ya kuulia wadudu, zinaua paka. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na akijilamba yanaingia mapafuni. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo akikwambia "inafanya tu, weka kidogo," mshukuru uondoke.

Panadol, kamwe. Robo ya kidonge inaweza kumuua paka: inaharibu chembe za damu zishindwe kubeba oksijeni. Akiwa na homa, ni kliniki. Siku ya kupulizia dawa ya mende, paka ahamie kwa mwingine asiye na paka, mpaka sakafu ikauke na kudekiwa.

Kumkagua nyumbani

Chagua siku moja ya wiki. Kwanza uzito: simama kwenye mizani ukiwa naye, kisha bila yeye, toa. Andika kwenye daftari. Paka wa kilo 4 aliyeshuka hadi 3.6 bado anaonekana yuleyule kwa macho, kumbe amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake.

Kisha ufizi. Mpakate, mgongo wake ukigusa tumbo lako, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Ufizi uwe na rangi ya waridi. Bonyeza kwa ncha ya kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi kabla hujamaliza kutamka "moja, mbili". Wapo paka wenye fizi nyeusi kwa asili. Hao vuta kope ya chini uangalie nyama ya ndani. Weupe wa karatasi, au unjano, ni safari ya leo, si ya Jumatatu. Ukiwa hapohapo tazama ufizi unapokutana na meno kama kuna wekundu au harufu kali, maana vidonda vya kinywa ni vya kawaida kwao na ndivyo vinavyowafanya waikaribie sahani, wanuse, waondoke.

Akilala fofofo, hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikizidi 30 siku baada ya siku, kuna jambo kifuani. Papasa chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Vinundu vipya mweleze daktari.

Mambo ya kutosubiri: hajala kwa saa 24, joto limepita nyuzi 39.5, anapumua kwa mdomo, anahara au kutapika zaidi ya siku moja, anatembea akiyumba, amejificha mahali asipopapenda. Paka asiyekula siku mbili tatu anaweza kuharibikiwa ini juu ya maradhi aliyo nayo. Paka wa kawaida ungempa muda uone. Huyu usimpe.

Siku za mwisho

Panga mapema, ukiwa na akili timamu. Jua daktari gani anatoa sindano ya kumpumzisha, kama anakuja nyumbani, na usiku anapokea simu au la. Kipimo changu ni vitu vitatu: kula mwenyewe, kujisafisha, na kuja kwa mtu. Viwili vikipotea na matibabu hayavirudishi, ni wakati. Sindano ya kwanza humlaza usingizi mzito, ya pili husimamisha moyo. Hasikii maumivu zaidi ya mchomo wa mwanzo. Mwenye uwanja azike kwa kina cha kutosha mbwa wasifukue, mbali na kisima. Asiye na uwanja amwulize daktari kabla ya siku hiyo. Pipa la taka la mtaa si jibu.

Sahani zake osha kwa sabuni, sakafu piga deki kwa jiki iliyochanganywa na maji, beseni la choo lianikwe juani. Kirusi hakitakungoja hapo, kwa hiyo siku chache zinatosha kabla ya kupokea paka mwingine. Huyo mpya apimwe kwanza, na akiwa hana virusi, achanjwe. Akiwa navyo, waya wako wa dirishani tayari upo, mkaribishe.